Taa Isiyomulika

Limevutwa kwa mnyororo hadi Gerezani,
halina injini, halina namba,
msalaba wa ubavuni umepakwa chokaa mara mbili
na mara mbili umegoma kufutika.

Mwenyewe ana mgahawa Masaki.
Analitaka mlangoni, wateja wapige picha.
"Taa za mbele tu, fundi. Zipepese nyekundu kama zamani.
Injini ya nini?"

Nikafungua taa ya kushoto.
Ndani nyigu walijenga kwa udongo:
vyumba sita, kila kimoja na mlango wake,
kama nyumba ya kupanga Manzese.
Nikavibomoa kwa bisibisi, nikaomba radhi, sijui kwa nani.
Kioo chenyewe kizima. Chekundu, si cha kupakwa,
chekundu cha ndani kwa ndani,
kama juisi ya choya ukiinua glasi juani.

Waya zimeliwa. Panya wa Kariakoo hawachagui.
Nilizifuata kwa vidole mpaka nyuma ya dashibodi,
kwenye swichi ya chuma.
Juu yake mtu alikwaruza kwa msumari: SASA.

Na mlangoni, upande wa dereva, mistari.
Mifupi, mitanomitano, kama hesabu ya magunia.
Nilifika mia mbili na kumi na tatu nikaacha.
Ni waliofika?
Ni waliokata roho Jangwani, maji yakiwa magotini?
Au waliozaliwa humo humo, kabla ya Faya,
na leo wanauza vocha, hawajui?

Siku ya tatu akaja Kinyogoli kutoka Keko.
Aliliendesha miaka tisa.
Hakuligusa. Alilalamikia breki.
Posho ya usiku, akasema, anaidai hadi leo.
Nikamwuliza, taa zote mbili nyekundu,
njia uliionaje?
Akacheka kwa pua.
"Zile si za kuonea, binti. Ni za kuonwa.
Usiku wa Mbagala, giza totoro,
nilifuata watu walivyohama.
Pale walipopisha
ndipo palipokuwa na barabara."
Nikamwuliza na mistari.
Akauliza kama chai ya hapa inakopeshwa.

Flasha yake ni ya kizamani, ya joto:
ukanda wa chuma unapata moto, unajikunja, unakata;
unapoa, unanyooka, unaunga.
Mwenye mgahawa anataka iende na muziki.
Nimemwambia hii haifundishiki.

Jana magharibi umeme ukakatika mtaa mzima.
Kila fundi katulia, spana mkononi.
Nikaunga betri.
Nikabonyeza SASA.

Nyekundu. Giza.
Nyekundu: Mama Semeni na sufuria ya supu.
Giza.
Nyekundu: mdomo wa Hokororo, kasahau kuufunga.
Giza.
Nyekundu: msukuma mkokoteni, mbao zimemzidi urefu,
anatujia usoni,
na kabla ya king'ora (hakuna king'ora),
kabla ya honi (hakuna honi),
akauvuta mkokoteni wake pembeni,
gurudumu likazama mtaroni,
akabana mgongo ukutani
akangoja tupite.

Gari liko juu ya matofali.

Hakuna aliyemcheka.
Mama Semeni naye akasogeza benchi.
Mtu akaita mtoto.
Njia ikafunguka, upana wa gari moja,
kutoka kwenye karakana yangu hadi lami,
na hapakupita kitu
ila ule wekundu, ukienda, ukikatika,
ukienda.

Betri ikachoka. Nikazima.
Gizani sauti ya msukuma mkokoteni, taratibu:
"Ameshapita?"

Kinyogoli angejua la kumjibu, au angeuliza habari ya chai.
Mimi nilipapasa mpaka mtaroni,
nikashika upande wa nyuma,
tukahesabu moja, mbili,
tukalinyanyua lile gurudumu.