Mlango Ulioshuka

Misago huwinda samaki wa mapambo,
wale wa milia na madoa
wanaofungwa kwenye mifuko ya plastiki yenye hewa
wakapanda ndege ambayo yeye hajaipanda.
Mapango ya Bangwe anayajua kwa pumzi:
hili la pumzi moja, lile la pumzi na nusu,
la tatu usiingie, amelala swila wa maji.

Nikamwambia nataka letu.
Lipi lenu?
Lile la nyuma ya mwamba uliokaa kama mgongo wa kiboko,
tulipokuwa tukiingia kwa miguu
mimi na pacha wangu,
mifukoni magamba ya konokono
na ndani ya gamba moja moja samaki mdogo kama ukucha
aliyejenga humo, akakataa kuhama.

Misago akacheka. Dada, kwa miguu?
Tangu ziwa lipande
ufukwe wa kuanikia dagaa uko chini ya kifua changu.
Vichanja vya mama zenu sasa kuhe hulalia.
Akanipa miwani iliyopasuka pembeni.
Nina miaka arobaini na mitatu. Nikazama.

Kwanza baridi, ikanishika masikio
kama mwalimu.
Halafu jiwe juu ya kichwa, jiwe, jiwe,
halafu si jiwe.
Nikaibuka kwenye chumba cha hewa
kisichozidi sufuria ya harusi iliyofudikizwa.
Nuru ilitoka chini,
kijani, ikihangaika darini
kama mtu aliyesahau neno.

Nikaita: Bukuru!
Pango likajibu: kuru, uru,
likameza kile cha mwanzo
kama alivyokuwa akimeza mwenyewe, mvivu wa kuitika.

Nikapapasa ukuta chini ya maji.
Tulichora kwa msumari wa mtumbwi,
migongo tumeibandika kwenye mwamba,
nani mrefu.
Vidole vikapita ute, vikapita konokono,
vikapata mkwaruzo,
na juu yake, upana wa dole gumba, mwingine.
Wa juu ni wangu, Butoyi.
Yeye alitangulia kuzaliwa, mimi nikatangulia kurefuka,
na siku ile alinuna hadi nyumbani,
akisema jiwe la upande wangu limeinama.

Hakufa.
Watu wakisikia “pacha wangu” na “zamani”
hushika mashavu. Hakufa.
Alivuka kwenda Kalemie na magunia ya chumvi ya Uvinza,
akaoa, akapiga simu, akapiga simu,
hakupiga.
Basi.

Nilikaa humo
mpaka hewa ikaanza kunuka mdomo wangu.

Nje, Misago aliuliza nimekuta nini.
Maji, nikasema.
Akatazama kucha zangu zilizojaa kijani,
akawasha injini.

Tulipokata rasi, milima ya ng'ambo
ilikuwa imejitokeza yote, hadi mikunjo,
na simu ndani ya mfuko wa nailoni ikatetemeka.
Nikaifungua kwa mikono inayochuruzika:
mtandao wa Kongo, umevuka ziwa bila mzigo,
unanikaribisha kwa Kifaransa
nchi ambayo sijafika.
Nilielewa neno moja, na hilo pia sina hakika.
Nikausoma ujumbe tena.