Mia Tisa Sabini na Nane

Saa tisa usiku, bandani Tromsø,
Oddvar Kvamme hula mkate na jibini ya kahawia
kwenye kiti cha rubani, viatu kavua,
na kwa kidole chenye siagi
hubonyeza kitufe cha majaribio.

*Ardhi! Ardhi! Inua!*

Ndege imetulia juu ya saruji, magurudumu yamewekewa vigingi.
Ardhi ipo kweli, hatua mbili chini ya kiti,
imefagiliwa, ina doa la grisi lenye umbo la kondoo.
Hakuna anayeinua kitu ila Oddvar,
anayeinua kikombe.
Anaandika: *inasema*. Anatia sahihi.
Miaka kumi na tisa anazima taa hivyo.

Zamani, alimweleza binti wa mafunzo,
chombo hiki kilikuwa kama mtu aliyedondosha sarafu:
macho chini, chini tu,
kikihesabu mwangwi wa rada kati ya tumbo la ndege na mawe.
Kilima kikipanda polepole, kilipiga kelele.
Jabali lililosimama wima mbele
kilikuja kuliona limeshafika mlangoni.
Sasa kimepewa ramani, vilele vyote vya dunia vimekunjwa kisandukuni,
setilaiti hukiambia kilipo,
nacho hutazama mbele yako dakika moja.
"Dakika moja ni ndefu," binti akasema.
Oddvar akatafuna kwanza.
"Inategemea uko wapi."

Januari, Finnmark. Jua lilizama Novemba, halijarudi.
Kapteni Sverre Tangvik kushoto, Ristin Gaup kulia,
nyuma yao abiria kumi na mmoja:
mama mwenye mimba ya wiki thelathini na nane,
wasichana wa mpira wa mikono wenye soksi mbichi,
mzee na ndoo ya samaki wa chumvi aliyokataa kuitenga na miguu yake.
Mnara ukataja mgandamizo wa hewa: mia tisa sabini na nane.
Redio ilikwaruza. Saba na nane wakabadilishana viti.
Kapteni akakariri themanini na saba,
na mnara, ukiwa na simu nyingine sikioni, haukumsahihisha.
Kosa dogo. Halina sura ya kifo.
Ila sindano ya kimo ikawakopesha futi mia mbili na hamsini
ambazo hewa haikuwa nazo,
wakashuka kwa imani.

Kwetu tunaagana kwa kusema milima haikutani.
Nadhani aliyeanzisha neno hilo alikwenda kwa miguu.
Hakuwahi kufukuzana na giza kwa kasi ile
kuelekea bega la mlima lililojifunika gubigubi.
Mlima na mlima, sawa, havikutani.
Mlima na mtu hukutana,
na mlima hauhitaji hata kusogea.

*Ardhi! Ardhi!*

Hapa ndipo pagumu. Sindano inasema uko salama.
Kioo hakionyeshi kitu.
Kapteni ana saa elfu kumi na moja angani,
na midomo yake imeshaanza: "Hiyo ni—"
Ristin hakungoja sentensi iishe.
Mkono wa kushoto ukasukuma nguvu zote za injini,
wa kulia ukavuta usukani.
*Inua!* ikasema sauti, naye keshainua.
*Inua!* tena, bila hasira, bila kusihi,
kama mtu anayesoma bei ya mafuta.
Ndoo ikapinduka, maji ya chumvi yakakimbilia mkiani.
Namba za rada zikashuka,
mia nne, mia tatu, mia mbili na kumi,
zikakaa,
zikafikiri,
zikaanza kupanda.

Usiku wa pili alikuja bandani.
Oddvar hakusema pole. Alimsogezea mkate.
"Kibonyeze," akasema Ristin.
Sauti ileile, saruji ileile.
"Inajua kwamba jana ilikuwa kweli?"
"Haijui. Kwake kila siku ni kweli."
Ristin akatazama chini, kwenye kondoo wa grisi.
Mkono wake wa kushoto, pajani,
ulikuwa umeshasukuma.