Pacha wa Januari

Walikuja Siyu juzi
wasajili wa vizazi
na kioo cha ujuzi:
hakuna tena safari.

Zamani, kwa hiki cheti,
mia nane ni ya boti,
ukakuta tupu kiti;
karani, hata habari.

"Bi, lini ulizaliwa?"
"Mwaka nzige walotuwa,
mtama wetu kuliwa,
kabla ya alfajiri."

Kioo kikakataa:
hakijui nzige, njaa.
Kijana akaduwaa,
akabonya Januari

mosi. Na jirani Tima,
mosi. Na Shee wa nyuma,
mosi! Na mtaa mzima
tu pacha wa Januari.

Cheti kiko mkobani.
Nashukuru. Ila ndani
nzige wako mtamani,
wala hawana nambari.