Mke wa Kwenye Kichekesho

Yule mke anayemsema kwenye televisheni,
mnene, mkali, aliyemfungia nje usiku wa mvua
akalala na mbwa, na mbwa akahamia kwa jirani,
ndiye mimi, wanasema.
Pale Mbuyuni ninapouza vifungo na zipu
wateja hunipima kwa macho.
"Mbona mwembamba?"
Nawajibu: televisheni hunenepesha.

Hatujawahi kufuga mbwa.

Aminiel alianzia kwenye harusi za Uru na Kibosho,
kipaza sauti cha kuazima, viatu vya kaka yake.
Ndafu ikiingia, mbuzi mzima, majani mdomoni,
watu wanapiga vigelegele, yeye anasema taratibu:
"Huyu naye hakuulizwa kama anaikubali ndoa."
Kisha ananyamaza.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo ilipo kazi yake.
Wenzake hukimbiza kicheko kama mtu aliyepeperushiwa kofia.
Yeye hukiacha kije chenyewe.
Huhesabu nne. Najua ni nne
kwa sababu alijifunzia jikoni kwangu
nikiponda kiburu, mwiko ukizunguka,
moja, mbili, tatu,
na nikigeuka kabla ya nne, anakirudia toka mwanzo
hata chakula kipoe.

Dar es Salaam wakamvalisha suti ya zambarau,
wakamtilia vicheko vya mashine
vinavyoingia kwenye mbili.
Kwenye mbili!
Nilitazama nimesimama, zipu mkononi,
nikasema, huyu wamemkata mguu.
Misimu mitatu. Kisha barua ya mistari miwili.

Akarudi Moshi mwezi wa saba, baridi ya kuuma meno,
ukumbi wa ushirika, viti vya plastiki.
Watu wa kwetu hutoa kicheko kama wanavyotoa mkopo:
kwanza wanauliza dhamana.
Akaleta mbwa. Kimya.
Akaleta mvua. Mzee Temba wa spea akakohoa.
Nikaona mkono wake unatafuta mfuko
ambao suti ile haina.

"Mke wangu," akasema,
akanyamaza.
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Tano.
Mbele ya tano hakuwa na kitu; nilijua mimi peke yangu.
Saba.
Nikasema kutoka safu ya tatu, bila kusimama:
"Mlango ule haukufungwa, Baba Ndeshi.
Unavutwa. Wewe ulikuwa unasukuma."

Kilianzia nyuma, kwa vijana waliosimama,
kikaja mbele kikiangusha viti.
Mzee Temba alilia kwa leso mbili.

Siku hizi anazunguka nalo, Arusha, Same, Babati,
kama la kwake.
Nilimwambia elfu kumi kila anapolisema.
Amelipa mara mbili.

Ila akirudi usiku, namsikia pale nje,
mkono kwenye kitasa, hasukumi, havuti.
Nami kitandani, macho wazi gizani,
nahesabu.