Kikohozi cha Odindo

Santuri ilikuja imefungwa kwenye leso ya Akeyo,
imekwaruzika kama sufuria ya ugali.
"Ichanganye upya," akasema, "vijana waicheze.
Ila baba asipotelee humo ndani."

Siku tatu, Kariobangi, ghorofa ya nne.
Nimeziba dirisha kwa godoro
nisiwasikie wachomeleaji wa mabati.
Nimeondoa mchakacho wa sindano,
nimeongeza besi ya kutikisa vikombe kabatini,
gitaa nimelikata, nimelivuta,
nimelitembeza kinyumenyume.
Kila kitu kikakaa sawa.
Kila kitu kikafa.

Ndipo stima ikazimika: tokeni zimekwisha.
Nikabaki gizani na hedifoni, laptopu ikihesabu betri yake,
na wimbo wenyewe, mtupu,
kama walivyourekodi River Road kabla sijazaliwa.
Kati ya ubeti wa pili na wa tatu
mtu anakohoa.
Kidogo tu. Kisha gitaa linaingia,
limechelewa nusu ya pigo,
kama mgeni anayeomba radhi mlangoni.

Nilikifuta kikohozi hicho siku ya kwanza.
Nilidhani ni uchafu.

Nikakirudisha. Nikakirudia mara nne, mara nane,
nikakipa nafasi ya ngoma kubwa,
na ngoma zangu zote nikazichelewesha
zimsubiri.

Akeyo alisikiliza amesimama, mkoba begani.
Hakucheza. Hakusema ni nzuri.
"Huyo hapo," akasema. "Sigara aliacha mwaka uliofuata."
Kisha:
"Rudisha pale anapokohoa."