Upepo wa Saa Nne

Kitabu cha helikopta kinaonya: jihadhari na upepo wa saa kumi.
Waliokiandika husoma namba. Sisi, mshale ukiwa palepale,
husema saa nne, saa ya chai na chapati.
Mshale ni uleule. Upepo ni uleule.

Naitwa Sikudhani. Mwaka wa kumi na moja huu
napaka grisi mkiani, karakana ya Kipawa,
ambako bati hulia kila ndege inaponyanyuka
na mama ntilie hufunika sufuria kabla hajaambiwa.

Watu huja kupiga picha na pangaboi kubwa.
Hulisifia: ndilo linyanyualo, ndilo livumalo.
La mkiani hakuna anayeliulizia. Dogo, limekaa ubavu,
kama mtu anayekoroga uji peke yake uani.
Lakini litoe uone: kubwa likizungukia kushoto
kiwiliwili chote kitakwenda kulia,
nyumba itazunguka kumtafuta mwenye nyumba.

Hata hivyo si wapangaji wema, hao wawili.
Kubwa hulima hewa, na kila ncha ya panga
huacha nyuma kamba ya kisulisuli, imesokotwa, haionekani.
Mara nyingi hushuka zake, ikafia kwenye majani ya uwanja.
Ila ukija upepo wa saa nne
huiokota ile kamba na kuitupa mkiani,
na dogo likauma hewa iliyokwisha kutafunwa.
Mimi huisikia. Ni sauti ya kitambaa kinachochanika:
inakatika, inarudi,
inakatika.

Jumatano moja ya Juni, Kapteni Mbwilo alining'inia futi arobaini,
pua Pugu, kusi bega la kushoto.
Nikasikia kitambaa.
Nikapunga tambara langu la oili, kana kwamba tambara lina redio.
Pua ikaiacha Pugu. Ikaitazama Kinyerezi.
Ikaitazama Segerea, upesi zaidi. Vingunguti, mapaa, machinjio,
Pugu tena.
Mguu wa kushoto mpaka sakafuni, alinieleza baadaye,
usukani mbele, halafu kungoja.
Kungoja ndiko kulikomtoa jasho:
mguu umekwisha kusema na mkia haujaitika.

Kisha akachomoka kwenda mbele, ile hewa chafu akaiacha nyuma,
na dogo likauma hewa mbichi.

Alipotua, mapanga yakapungua, makubwa kwa madogo,
yakasimama sekunde moja: mhimili wao mmoja, hata wakikosana.
Nikakagua boli kwa boli, tochi mdomoni.
Hakuna kilicholegea. Hakuna ufa.
Nikaandika daftarini: *hakuna hitilafu*,
na kalamu ikakwama kidogo kwenye neno la kwanza.

Kapteni alikuwa amekaa juu ya ndoo, kikombe changu mkononi mwake,
chai yangu, saa nne na dakika kadhaa.
"Sikudhani," akasema.
Nikaitika.
Mpaka leo sijui kama aliniita.