Chupa ya Changamwe

Baba alirudi kutoka Hungaria na shahada ya mitambo,
koti zito lisilo na kazi Mombasa,
na chupa moja ya palinka, ya plamu,
isiyo na nembo: ilipikwa uani
na bibi aliyempangisha chumba.

Kule, alisema, mgeni haulizwi habari za safari.
Huwekewa kigilasi, asubuhi, tumbo tupu,
ndipo aulizwe jina.

Mama, mlokole, aliificha nyuma ya pipa la mchele.
Waligombana hadi majirani wakazima redio.
Ikakaa humo miaka ishirini na mmoja.

Jana, matanga yalipokwisha,
baba mdogo Chimera alileta kibuyu cha mnazi toka Mazeras,
akawamwagia koma tone, akamtaja kaka yake.
Mama akainuka bila neno.
Akarudi akiifuta ile chupa vumbi kwa leso yake.

Kizibo kilipotoka
nyumba ikanukia tunda
ambalo hakuna mmoja wetu aliyewahi kulichuma.

Mama akaonja. Akakohoa, akapangusa macho.
"Ni ukali tu," akasema,
akanisogezea kigilasi.